Sura ya 5: Chapa ya Bega la Kushoto

Majira ya kuchipua, ndama wanapokusanywa kutiwa chapa, makauboi wa ranchi kongwe za Texas huamka usiku. Farasi wa kazi huletwa wote kwa pamoja na kuzungushiwa kamba moja tu, inayofika kiunoni mwa mtu, kamba ambayo farasi yeyote angeiruka bila taabu. Haruki hata mmoja. Kiongozi wa kazi husimama kati yao na kitanzi mkononi. Kauboi hutaja jina la farasi anayetaka kumpanda siku hiyo, kiongozi hurusha kitanzi mara moja, bila kukizungusha hewani wala kupiga kelele, nacho hupita juu ya vichwa vya wengine na kumwangukia yule yule aliyetajwa. Giza bado halijaisha, rangi za farasi hazijaanza kupambanuka. Aliyenaswa hajivuti. Hujitenga na wenzake mwenyewe na kwenda kuvishwa hatamu.

Miaka michache baadaye, farasi huyo huyo anaweza kuwa amesimama nyuma ya nyumba ya muuguzi huko Ohio, au kwenye shamba dogo Bavaria, akimbeba mtu ambaye hajawahi kumgusa ng'ombe. Na mtu huyo, ukimuuliza, atakwambia kwamba hajapata kuwa na farasi mtulivu kama huyu. Nimesoma na kusikiliza maelezo mengi ya wanunuzi wa namna hiyo, na jambo linalonivuta ni hili: karibu wote husifu tabia ya farasi kana kwamba ni bahati waliyoiokota mnadani. Mimi naamini furaha yao ilianza kutengenezwa malishoni, miaka minne au mitano kabla hawajamwona farasi wao, na watu ambao hawatawajua kamwe. Sura hii ni ya watu hao na kazi yao, na ya kile ambacho mmiliki mpya anapaswa kukifanya ili kazi hiyo isiharibike mikononi mwake.

Tuanze na mbegu. Ranchi ya King Ranch, iliyoanzishwa na Richard King mwaka 1853 kusini mwa Texas, ilihitaji farasi kwa sababu isiyo na anasa yoyote. Ina eneo la ekari zipatazo 825,000, na ng'ombe walikuwa hawahesabiki kwa miguu. Wafanyakazi wake wengi walikuwa Wameksiko na wajukuu wa Wameksiko walioletwa na King pamoja na familia zao, na hao ndio waliowafundisha farasi kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1915 ranchi ikampata mtoto wa farasi wa rangi ya shaba, ambaye alikuja kuitwa Old Sorrel. Robert Kleberg, mjukuu wa King, alimpima kwa kazi: alimtandika, akamwingiza kwenye ng'ombe, akaona jinsi anavyosimama, anavyogeuka na anavyovumilia. Baada ya hapo akajenga ukoo mzima juu yake, akiwapandisha wajukuu wa dume huyo kwa majike wa damu ile ile, na kuwaondoa bila huruma wote walioonyesha kasoro.

Mwaka 1940 wafugaji walikutana Fort Worth wakaunda chama cha kusajili farasi wa aina hiyo, wale wanaojulikana kwa mbio za robo maili, yaani mita mia nne hivi. Mwaka uliofuata, kwenye maonyesho ya mji ule ule, iliamuliwa kwamba dume atakayeshinda atapewa namba 1 katika daftari la usajili. Aliyeshinda alikuwa Wimpy wa King Ranch, mjukuu wa Old Sorrel kwa upande wa baba na wa mama pia. Tangu hapo daftari hilo limeandikwa farasi zaidi ya milioni 5, na leo chama kina wanachama Ujerumani, Italia, Brazili na kwingineko.

Lakini daftari halifanyi farasi awe mwema. Wapo wengi walioandikwa humo waliozaliwa bandani, wakalelewa peke yao chini ya taa, wakapelekwa kwenye maonyesho kabla mifupa haijakomaa. Farasi wa ranchi hulelewa kwa njia nyingine. Huzaliwa nje, mara nyingi usiku, mama yake akiwa amejitenga na kundi. Baada ya saa moja au mbili huwa amesimama, na akipata siku chache tayari humfuata mama yake juu ya mawe, kwenye mabonde ya mchanga, katikati ya miti yenye miiba iitwayo mesikiti. Kwato zake hukua zikijifunza ardhi. Anapojifanya mtundu, haki ya kumrudi ni ya majike wazee: watamlazia masikio nyuma, wakizidiwa watamuuma, na wakiudhika zaidi watamfukuza kundini mpaka arudi kwa adabu. Mtoto wa farasi aliyepita chuo hicho anajua jambo ambalo hakuna binadamu awezaye kumfundisha vizuri, nalo ni kusoma mwili wa mwingine na kusogea kabla ya kusukumwa. Kitu ambacho mnunuzi wa mjini huita heshima, farasi alikipata kwa mama zake wadogo.

Huachishwa ziwa akiwa na miezi mitano au sita. Hupigwa chapa. Ranchi ya Four Sixes, yenye makao yake Guthrie, huwapiga farasi wake herufi L kwenye bega la kushoto. Ya Waggoner hutumia herufi D iliyogeuzwa nyuma mbele. Ya King Ranch ni W iliyojipinda mfano wa nyoka. Kisha hurudishwa malishoni, na kwa mwaka mzima au zaidi haombwi kitu. Akifikisha miaka miwili hufundishwa tandiko kwa muda mfupi, halafu hupumzishwa tena. Kazi yenyewe humkuta akiwa na miaka mitatu au minne, anapokabidhiwa kauboi mmoja pamoja na farasi wengine kadhaa ambao ni dhamana ya kauboi huyo. Wanaochaguliwa kwa kazi hii kwa kawaida ni madume waliohasiwa, maana majike huachwa wazae.

Kazi hiyo ndiyo darasa. Siku moja inaweza kuwa na kilomita thelathini na zaidi, na sehemu kubwa yake ni mwendo wa mashindo tu, bila tukio. Farasi hufungua lango akiwa na mtu mgongoni, huburuta ndama kwa kamba, husimama peke yake nyikani hatamu zikiwa zimeachwa chini, akisubiri mtu amalize kurekebisha uzio. Anaona mvua ya mawe, swala, mabati yanayopigwa na upepo. Kila kitu anachokiona kina sababu, na kila anachoombwa kinakwisha. Makauboi husema hakuna kinachomfunza farasi kuliko jasho chini ya tandiko, nami nakubaliana nao, ila ningeongeza kwamba jasho hilo ni lazima liwe la kazi yenye maana. Farasi anayezungushwa uwanjani saa nzima naye hutoka jasho, lakini hajui limetoka kwa ajili gani.

Mwaka 1992 chama cha usajili kilianza kutoa tuzo ya kundi bora la farasi wa kazi, na ya kwanza ilikwenda kwa familia ya Haythorn wa Nebraska. Tuzo hiyo ilisaidia watu wa nje kuelewa kwamba ranchi hizi hazifugi farasi kwa ajili ya soko. Hufuga kwa ajili yao wenyewe, na soko hupata ziada. Kwa mnunuzi hiyo ni kinga kubwa: mfugaji ambaye watu wake ndio watakaopanda farasi hao milimani na mabondeni hana sababu ya kuzalisha wendawazimu.

Kuna upande wa giza, na yeyote anayeuza farasi hawa kwa uaminifu huusema. Ranchi ya Waggoner, iliyokuwa na zaidi ya ekari 500,000 ndani ya uzio mmoja, ilikuwa na dume maarufu aitwaye Poco Bueno, aliyezaliwa mwaka 1944. Bwana wake alimpenda mno hata akaacha wosia kwamba azikwe akiwa amesimama, na alipokufa mwaka 1969 ndivyo alivyozikwa, mkabala na lango la ranchi, karibu na mji wa Vernon. Watoto wake walikuwa wepesi na wenye akili ya ng'ombe, wakatawanyika nchi nzima. Miongo kadhaa baadaye wanasayansi waligundua kwamba ukoo wake umebeba kasoro ya kurithi inayodhoofisha ngozi. Tabaka za ngozi hazishikani. Farasi huonekana mzima mpaka siku ya kwanza ya kutandikwa, akiwa na miaka miwili hivi, ndipo ngozi ya mgongo huchubuka na kuning'inia, na haiponi vizuri tena. Tiba hakuna. Kasoro hujitokeza pale tu baba na mama wote wawili wanapokuwa wabebaji, na hapo kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua.

Leo nywele chache zilizong'olewa pamoja na mizizi yake, zikatumwa maabara, hutoa jibu la kasoro hiyo na nyingine kadhaa zinazojulikana katika aina hii ya farasi, za misuli na za umetaboli. Mfugaji mwema huweka majibu hayo mezani kabla hajaulizwa. Mnunuzi asiyeonyeshwa na aulize, na akijibiwa kwa kicheko aende zake.

Siku ya kuuza ina mambo yake. Daktari wa mifugo, ambaye mnunuzi amemchagua na kumlipa mwenyewe, humkunja farasi mguu mmoja kwa muda wa dakika moja, kisha humwondosha kwa mashindo ili aone kama atachechemea. Huchukuliwa damu kwa kipimo kilichobuniwa na Leroy Coggins mwanzoni mwa miaka ya 1970, cha kutambua ugonjwa wa upungufu wa damu unaosambazwa na nzi wanaouma. Farasi akipatikana nao Marekani, hatima yake ni kuuawa au kutengwa maisha. Bila karatasi ya kipimo hicho, kwa kawaida huwezi kumvusha mpaka wa jimbo.

Halafu inakuja safari, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupoteza kile walichokinunua. Kutoka Guthrie hadi jimbo la New York ni zaidi ya kilomita 2,000. Farasi akifungwa kichwa juu kwa saa nyingi hawezi kushusha pua na kutoa makamasi, vumbi la majani makavu linashuka kifuani, na siku ya tatu anapata homa ya mapafu. Dereva anayejua kazi husimama kila baada ya saa chache, akawaacha washushe vichwa na kunywa. Farasi wa ranchi ana tatizo jingine dogo linalowashangaza watu: wengi wamekunywa maji ya bwawa na ya kisima cha upepo maisha yao yote, wakiletewa ndoo yenye maji ya bomba wanayanusa na kugeuka. Farasi wa kilo 500 huhitaji kati ya lita 20 na 40 kwa siku, na akikataa, tumbo litamsokota. Baadhi ya wauzaji huwapa wanunuzi madumu ya maji ya nyumbani wayachanganye kidogo kidogo.

Anafika. Mlango wa trela unafunguliwa, na mmiliki wake mpya amesimama pale na tufaha mkononi. Farasi analitazama. Analigusa kwa mdomo wa juu, anapuliza pumzi, hafanyi chochote zaidi. Hajawahi kuliona tufaha, wala karoti. Ukimpeleka bandani husimama mlangoni kwa sababu hajawahi kuingia mahali penye paa na kuta nne. Mnunuzi asiyeelewa hudhani farasi hampendi, au amedanganywa. Farasi anasubiri kuambiwa kazi ni ipi.

Wiki za kwanza zinataka subira ya kizamani. Atengwe kwa wiki mbili au tatu kwa ajili ya maradhi, lakini mahali anapowaona farasi wengine. Baadaye wakutane kwa uzio kati yao, wanusane, wapige kelele, wamalize siasa zao. Ndipo walegezwe pamoja. Chakula kibadilishwe polepole kwa siku kumi hadi kumi na nne, maana vijidudu vya utumbo mpana vinavyomsagia majani havibadiliki kwa usiku mmoja. Na majani mabichi yaogopwe. Huyu alikua kwenye nyasi fupi kavu za Texas ambako farasi hutembea kutwa kupata shibe. Ukimfungulia konde la majani mororo ya masika, yaliyojaa sukari, atakula kama alivyofundishwa na njaa, na kwato zitavimba kwa ndani mpaka ashindwe kusimama. Wapo farasi waliovuka miaka sita ya mawe na miiba bila jeraha, wakaja kulemazwa na ukarimu ndani ya mwezi mmoja. Hilo linanisikitisha kuliko mengine yote, kwa kuwa hufanywa kwa mapenzi.

Kuna dalili moja ambayo napenda kila mwenye farasi aijue. Farasi anaweza kusinzia amesimama, kwa kuwa miguu yake ina namna ya kujifunga yenyewe. Usingizi mzito, ule wa ndoto, hawezi kuupata ila alale chini, na hatalala chini mahali asipopaamini. Anahitaji kama nusu saa tu kwa siku, lakini akiikosa wiki nzima huanza kuyumba na kuanguka magoti mchana. Kwa hiyo asubuhi, kabla ya kumsugua, tazama ubavu wake. Ukiona vumbi na vipande vya nyasi vimeganda kwenye manyoya kuanzia begani hadi pajani, na paji la uso lina alama ya udongo, farasi amelala. Baadhi hufika hapo siku ya tatu, wengine baada ya majuma. Karibu kila mara hutokea baada ya kupata mwenzake wa kumlinda, kwani kundini mmoja husimama wengine wakilala. Mtu anayemfuga farasi mmoja peke yake, hata akimpenda vipi, amemnyima usingizi.

Je, anawakumbuka wa kule alikotoka? Mwaka 2020 watafiti wa Ufaransa walioongozwa na Léa Lansade walionyesha kwamba farasi waliofundishwa kuchagua picha kwenye kioo cha kompyuta waliitambua picha ya mtu aliyewatunza ambaye hawakuwa wamemwona kwa miezi sita, na wakaichagua miongoni mwa nyuso ngeni. Kwa hiyo farasi aliyeuzwa anakuja na watu kichwani mwake. Kama watu hao walikuwa wapole, mgeni anapokewa kwa mkopo wa wema wao. Akiutumia vizuri mkopo huo hudumu. Akiufuja, huisha haraka kuliko anavyofikiri.

Njia ya kawaida ya kuufuja ni mikono. Kauboi hushika hatamu kwa mkono mmoja, zimelegea, akimgeuza farasi kwa kuigusisha kamba shingoni na kwa kuhamisha uzito wa mwili. Lijamu mdomoni halivutwi ila kwa nadra. Mpandaji aliyefundishwa mtindo wa Kiingereza, anayeshika kwa mikono miwili na kuuweka mdomo katika mguso wa kudumu, kwa farasi huyu anasema simama bila kukoma huku miguu yake ikisema nenda. Farasi atajaribu kutii yote mawili. Atapandisha kichwa, atatikisa mkia, mwisho ataambiwa ni mkaidi. Wanunuzi wenye busara hukaa siku mbili au tatu kwenye ranchi kabla ya kumchukua, wakimpanda mbele ya yule aliyemfundisha, na wasiopata nafasi hiyo huomba video. Tofauti baadaye huonekana wazi kabisa.

Wanaofurahi zaidi, kwa niliyoyaona, ni wanaompa kazi. Haihitaji ng'ombe elfu. Njia ya msituni yenye urefu wa saa mbili mara tatu kwa wiki, mlango wa kufungua, gogo la kuburuta, ng'ombe kumi wa jirani wa kuhamisha mwisho wa mwezi. Farasi wa aina hii akipelekwa kwa ng'ombe baada ya kukaa mwaka mzima bila kuwaona, masikio husimama yote mawili, shingo hushuka, mwili unakuwa mwepesi. Wamiliki wengi husema hapo ndipo walipomfahamu.

Msomaji wa Afrika Mashariki atauliza kwa nini hatuna desturi hii, ilhali tuna ng'ombe wengi na wachungaji hodari. Sehemu kubwa ya jibu ni wadudu. Ndorobo walizuia farasi katika maeneo makubwa, na palipokosa ndorobo palikuwa na visubi wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, virusi vinavyoweza kuua hadi farasi tisa kati ya kumi wasiokuwa na kinga. Punda na pundamilia huvihimili. Nyanda za juu za Kenya, kama Laikipia, zina farasi wa ranchi hadi leo, na wanaowatunza huko watayatambua mengi niliyoyaeleza, pamoja na chanjo ya kila mwaka ambayo mwenzao wa Texas haihitaji.

Jambo la mwisho ni la kuuliza kabla hela haijatoka. Farasi huishi miaka 25 hadi 30, na anayenunuliwa akiwa na miaka saba anaweza kuhitaji malisho kwa miaka ishirini na zaidi. Machinjio ya mwisho ya farasi Marekani yalifungwa mwaka 2007, ila farasi wasio na mtu waliendelea kusafirishwa kwa malori kwenda kuchinjwa Meksiko na Kanada. Ndiyo maana wafugaji kadhaa huandika kwenye hati ya mauzo kwamba mnunuzi akishindwa, wao wapewe nafasi ya kwanza ya kumrudisha. Kifungu hicho hakigharimu chochote siku ya kusaini. Kiombe hata kama muuzaji hajakitaja.

Na ukitaka kujua ranchi ni ya namna gani, uliza ni wangapi waliorudi kununua wa pili. Mfugaji makini atafungua daftari la majike wake, atakuonyesha nani amezaa nani na nani alikwenda wapi, na mara nyingi utakuta jina lile lile la mnunuzi kando ya ndugu wawili wa mama mmoja. Kwa baadhi ya majike wazuri utaambiwa mtoto wa mwaka huu ameshaombwa, naye bado yumo tumboni. Ukipenda, jina lako litaandikwa kwa yule wa mwaka ujao.